Kamera Inayoona Kidogo

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa parokia, Kampemba, mjini Lubumbashi, mbele ya mafundi vijana wa umeme na wenye lupango, yaani viwanja vyenye nyumba na ukuta, waliotaka kufunga kamera za kusoma plaki, vile vibao vya namba za magari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeacha tu pale umeme ulipokatika na watu wakaanza kuimba.

Wababa, wamama, na ninyi vijana wa kazi, jambo yenu wote.

Nianze na usiku ambao kona ya ukuta wangu ilivunjwa. Gari lilikuja kwenye avenyu yetu, likataka kugeuza, likarudi nyuma, likaigonga kona ya lupango, matofali yakaanguka, nalo likaenda zake. Mzee sentineli wetu, yaani mlinzi, alikuwa na mapumziko usiku ule. Mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi nilipoona matofali chini sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana nilikuwa na kamera. Niliinunua kwa hela iliyoniuma, na muuzaji aliniapia kwamba inaona mpaka tundu la sindano.

Tukakaa sebuleni, mimi na mama watoto, na mzee sentineli amesimama nyuma ya kiti, tukafungua picha za usiku. Tukaona avenyu yote. Tukaona mwembe wa jirani na matawi yake. Tukaona mbwa akivuka polepole kama mwenye mji. Tukaona gari likija, likirudi nyuma, likigonga, taa nyekundu zikiwaka. Tuliona kila kitu isipokuwa plaki. Mahali pa plaki palikuwa na kipande cheupe kama sabuni iliyolala majini. Mzee akakohoa, akaniuliza: "Patroni, sasa hii mashine inaona nini?"

Swali lake ndilo lililonileta hapa leo. Kwa muda nilitaka kumjibu kwamba inaona kila kitu, kisha nikaelewa kwamba hilo ndilo kosa lenyewe. Kamera inayoona kila kitu haisomi kitu. Ukitaka isome plaki, lazima uinyang'anye barabara, mwembe na mbwa, uiachie kipande kidogo cha njia, upana wa gari moja na nafasi kidogo, basi.

Tupige hesabu pamoja, ni hesabu ya shule ya msingi. Plaki ndefu ya kipimo cha Ulaya, ile mnayoiona kwenye magari mengi hapa, ina upana wa sentimita 52 na kimo cha sentimita 11. Picha ya kamera imefumwa kwa nukta, ndizo tunazoita pikseli. Ili programu isome plaki bila kubahatisha, plaki hiyo inahitaji pikseli mia hivi kwa upana. Zikifika 130 unalala vizuri. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na lenzi ya milimita 2.8. Hiyo ndiyo lenzi utakayopewa dukani usipouliza. Picha yake ilikuwa na pikseli 1920 kwa upana. Gari likiwa mbali kwa mita 15, lenzi ile inakumbatia karibu mita 29 za barabara. Gawanya 1920 kwa 29, kila mita inapata pikseli 66, na plaki ya nusu mita inaondoka na 34. Sasa plaki zetu zina alama nane, tarakimu na herufi, ukihesabu na namba ya jimbo. Nane zigawane pikseli 34: kila moja inapata nne. Mwambie mtoto achore 8 kwenye miraba minne, halafu achore B kwenye miraba minne, kisha mje mniambie ipi ni ipi.

Badilisha lenzi, weka ya milimita 12. Kwa umbali uleule wa mita 15, kamera hiyo sasa inaona mita 6.75 tu. Umepoteza mwembe. Lakini kila mita ina pikseli 284, na plaki inapata karibu 148. Kamera ni ileile, pikseli ni zilezile, bei imepanda kidogo kwa sababu ya lenzi.

Najua mtu anataka kuinua mkono kuniambia anunue ile ya 4K amalize. Papa, nunua, pesa ni yako. Pikseli zitakuwa mara mbili kwa upana, kwa hiyo plaki itapata 68 badala ya 34, na bado hujafika. Tena usiku, pikseli nyingi zilizobanwa mahali padogo, kila moja inapata tone dogo la mwanga, na picha inajaa chengachenga. Kama una hela ya ziada nunua kamera mbili za kawaida. Moja yenye lenzi pana ikusimulie hadithi, gari lilitoka wapi, watu wangapi walishuka. Ya pili nyembamba ikusomee plaki. Usiiombe moja ifanye kazi ya zote mbili, utaikosa ya kwanza na ya pili.

Sasa mahali pa kuifunga. Wengi wetu tunapenda kuipandisha juu kabisa, kwenye paa, wezi wasiifikie. Na wengi tunaielekeza ng'ambo ya barabara, kwa nyumba ya jirani. Hapo gari linapita ubavu, na plaki haiko ubavuni. Kamera ya plaki hukaa kwenye kona ya ukuta, ikatazama kwa urefu wa avenyu, kama mtu anayechungulia anayemngoja mgeni. Pembe kati ya kamera na plaki isizidi digrii 30, kwa juu na kwa pembeni, maana herufi ikitazamwa kwa upande inasinyaa. Ukifunga kwa kimo cha mita tatu au nne na kusomea kwenye mita 15, pembe ya juu haitakusumbua. Ya pembeni ndiyo yenye fitina, kwa hiyo sogeza kamera karibu na njia kadiri ukuta unavyokuruhusu. Na kama una uchaguzi, soma plaki ya nyuma, gari linapoondoka. Taa za mbele ni adui. Pikipiki nazo hazina plaki mbele, ukizitaka, ni za nyuma tu.

Tuje kwenye mwendo. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza wiki nzima wakilaumu programu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linapita mita 8.3 kwa sekunde moja. Kamera ina kitu kinachoitwa shata, yaani muda ambao jicho lake linabaki wazi kwa kila picha. Ukiiachia kamera ijiamulie usiku, itafungua jicho kwa muda mrefu ili ipate mwanga, tuseme sehemu moja ya 25 ya sekunde. Katika muda huo gari limesogea sentimita 33. Herufi ya plaki ina mstari mnene kama sentimita moja. Umeshaipaka siagi. Weka shata kwenye sehemu moja ya 500, gari linasogea sentimita moja na nusu hivi. Weka moja ya 1000, linasogea milimita 8. Ni kweli gari likija moja kwa moja kuelekea kamera ukungu unapungua, maana plaki inakua tu badala ya kukimbia pembeni, lakini usitegemee bahati hiyo. Mimi nimeweka moja ya 1000 usiku na mchana na sijajuta.

Hapa niseme neno moja kwa ajili ya mashimo yetu. Mbele ya lango langu kuna shimo ambalo limekaa pale miaka, kila mtu analijua, hata mvua inalijua. Magari yakifika hapo yanashuka mpaka kilomita 10 kwa saa, yanapiga magoti, yanapita. Nimeielekeza kamera yangu palepale. Siku watakapotengeneza avenyu yetu nitafurahi kama raia na nitalia kama fundi.

Usiku. Ukiweka shata ya haraka namna ile, picha inakuwa nyeusi kama makaa ya Kipushi. Msiogope. Plaki halali imefunikwa utando unaorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kamera nyingi zina taa za infraredi, mwanga ambao jicho letu halioni vizuri. Zile za nanomita 850 zinaonyesha wekundu hafifu ukizitazama, zile za 940 huzioni kabisa lakini kamera nayo inazipata kwa udhaifu zaidi. Mwanga huo unaigonga plaki, unarudi, na katikati ya giza unaona plaki peke yake imening'inia hewani, nyeupe, na herufi nyeusi. Gari huoni. Dereva huoni. Siku ya kwanza nilipoiona picha hiyo nilimwita mzee sentineli aje aone. Akatazama sana, akasema: "Sasa imejifunza kutazama chini, kama binti mwenye adabu."

Ili ufike hapo, zima karibu kila kitu kinachojiita otomatiki. Mwanga wa otomatiki uzime. Ile mbinu ya kamera ya kuchanganya picha mbili za mwanga tofauti ili ipate uwiano, izime, maana gari linalotembea linatokea mara mbili kama pepo. Na fokasi ifunge. Hili nilijifunza kwa machozi: mchana nilisawazisha fokasi ikawa kali kama wembe, usiku ikawa ukungu. Mwanga wa infraredi haukusanyiki mahali palepale unapokusanyika mwanga wa jua. Kwa hiyo fokasi ya kamera ya plaki inasawazishwa usiku, gari limeegeshwa pale pa kusomea, taa za infraredi zikiwaka, halafu unaifunga na kuacha kuigusa. Mchana itabaki nzuri ya kutosha.

Zipo plaki ambazo usiku hazitatokea. Zile zilizochongwa na kupakwa rangi na mafundi wa barabarani hazina utando ule, kwa kamera ni ubao tu. Ziko zilizokunjwa. Na liko jambo letu hapa Katanga ambalo vitabu vya maelekezo kutoka ng'ambo havilijui: vumbi. Kuanzia Mei mpaka mvua za Oktoba au Novemba, udongo wetu mwekundu unalala kwenye kila kitu. Gari likitoka safari, plaki yake ya nyuma ni tofali. Halafu mvua zikija, ni tope. Wala siyo plaki peke yake, kioo cha kamera nacho kinavaa vumbi, na taa za infraredi zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, buibui anatandika utando mbele ya lenzi, na usiku kucha kamera yako inasoma mguu wa buibui. Nimefunga kitambaa kwenye fimbo ndefu. Kila Jumamosi mzee anapangusa. Hiyo ni sehemu ya mfumo, iandikeni kwenye faktura.

Programu nitaizungumza kwa ufupi, kwa sababu inabadilika kila mwaka. Kazi yenyewe si ngeni. Waingereza waliibuni mwaka 1976 katika idara ya utafiti ya polisi yao, na leo kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani inaifanya nyumbani kwako. Hatua zake ni tatu: kulitambua gari, kuikata plaki kutoka kwenye picha, kuzisoma alama moja moja. Mimi natumia Frigate, programu ya bure ambayo tangu toleo la 0.16 la mwaka 2025 ina usomaji wa plaki ndani yake. Niliichagua kwa sababu moja tu kubwa: ukishaipakua na kuipanga, inafanya kazi ndani ya nyumba bila intaneti. Kwa bei ya megabaiti tunayoijua, sikutaka kamera inayopeleka avenyu yangu Amerika kila sekunde ili nirudishiwe plaki.

Jambo la maana ni kwamba programu haisomi mara moja. Gari linapopita inalisoma kwenye picha nyingi, kisha inachagua jibu lililojirudia. Na kila jibu linakuja na asilimia ya uhakika. Msilogwe na asilimia hiyo. Wiki ya kwanza kamera yangu iliniletea gari lenye plaki TOYOTA, kwa uhakika mkubwa kabisa. Kesho yake ikaleta basi dogo la abiria lenye plaki MUNGUNIMWEMA. Yalikuwa maandishi ya kioo cha nyuma, na kamera ilikuwa imeyasoma bila kosa hata moja. Ilisoma vizuri kitu ambacho hakikuwa plaki.

Kwa hiyo unaifundisha umbo. Plaki zetu zinaanza na tarakimu nne, zinafuata herufi mbili, halafu namba ya jimbo. Ukiiambia hivyo, MUNGUNIMWEMA inatupwa nje yenyewe. Tena inakusaidia kwenye alama zinazofanana, 8 na B, 0 na O na D, 5 na S, 1 na I, 2 na Z. Ikiona B mahali pa tarakimu, ijue ni 8. Lakini hapa kwetu angalieni! Sisi tuko njia ya kwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Malori yanayopita yanatoka Zambia, yenye herufi tatu kisha tarakimu; yanatoka Tanzania, yenye T, tarakimu tatu, herufi tatu; yanatoka mpaka Afrika Kusini. Ukilazimisha umbo la Kongo peke yake, lori la Zambia litageuzwa Mkongomani kwa nguvu, kila herufi yake ya mwanzo itafanywa tarakimu, na utakuwa na plaki ya gari ambalo halijazaliwa. Weka maumbo kadhaa, na lisilolingana na lolote libaki kama lilivyosomwa, liwekewe alama ya shaka.

Umeme nao. Kamera pamoja na taa zake za usiku inakula kama wati 10, suichi inayoipelekea umeme na data kwa kebo moja wati 5, kompyuta ndogo wati 15. Jumla 30. Kwa siku nzima ni wati-saa 720. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini ile ya asidi usiimalize, tumia nusu, 600. Basi umepata saa 20 bila umeme. Kwa delestaje zetu, yaani mgao wa umeme, si haba. Kebo isizidi mita 100, na wakati wa mvua muwe na kinga ya radi pande zote mbili za kebo, la sivyo radi itakusomea plaki ya mwisho.

Na saa! Umeme ukikatika na intaneti haipo, kamera nyingi zinasahau saa, zinaamka mwaka 1970 au 2000. Nyingine haisahau lakini inadanganya. Mimi nilipopanga yangu nilichagua Kinshasa kwenye orodha ya miji, nikaona ni nchi yetu, kuna neno gani. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Kumbukeni hilo, maana nalirudia sasa hivi.

Sasa nifike kwenye jaribio, ndilo lililofanya nikubali kuja kuzungumza. Kila mtu anafunga, hakuna anayejaribu. Gari la kwanza likipita na kusomwa, fundi anachukua hela yake, anakunywa soda, anaenda. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Miezi michache baada ya ukuta, jenereta ya jirani iliibwa usiku. Jirani akaja kwangu asubuhi na ndugu zake, kwa heshima, wakijua nina mashine. Nikafungua orodha. Saa nane usiku kuna gari moja lilipita, plaki hii hapa, uhakika asilimia tisini na zaidi. Kijana mmoja kati yao akasema, hiyo naijua, ni ya fulani, anaimba kwaya. Hatukungoja. Tulikwenda wanaume watano mpaka kwao, mimi mbele, na karatasi mkononi kama jaji.

Gari la kijana yule lilikuwa uani juu ya matofali, halina magurudumu mawili, kuku wanalala ndani. Lilikuwa hivyo tangu Pasaka. Mama yake alitutazama tu. Hakuna aliyesema neno, na mimi niliyekuwa mbele nikatamani kuwa nyuma. Tuliomba radhi palepale, na baadaye nilirudi peke yangu kuomba tena.

Nyumbani nikaifungua picha yenyewe, sio maandishi. Tarakimu ya tatu ilikuwa na tope upande wa kushoto. Programu ilisoma 3, na palikuwa 8. Hata saa haikuwa saa nane. Ilikuwa saa tisa, kwa sababu ya Kinshasa. Yaani nilikuwa nimempeleka mtu hukumuni kwa gari lisilo lake kwa saa isiyo yenyewe, na mashine ilikuwa imesema ina uhakika.

Tangu hapo najaribu namna hii. Nachukua gari langu, ambalo plaki yake naijua, napita mbele ya kamera mara ishirini mchana, mara ishirini jioni jua likizama, mara ishirini usiku. Kila kundi nalipita kwa mwendo tofauti, wa kilomita 10, 20 na 40, kwa pande zote mbili za njia. Kisha naipaka plaki yangu tope, kidogo, halafu zaidi, nikitazama inakosea wapi. Jioni ndiyo ngumu kuliko usiku. Jua likiwa chini linaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na kamera haijaamua bado kama ni mchana au usiku.

Halafu namweka mzee sentineli langoni na daftari, kwa muda wa saa moja wakati wa mchana, na muda kama huo wakati wa usiku. Anaandika kila gari linalopita. Hilo daftari ndilo kweli, orodha ya kamera ndiyo inayohukumiwa. Nalinganisha na kugawa katika mafungu matatu: yaliyosomwa sawa, yaliyosomwa vibaya, yasiyoonekana kabisa. Msiyachanganye mawili ya mwisho mkayaita makosa tu. Gari lisiloonekana linakuacha bila habari, unajua hujui. Gari lililosomwa vibaya linakupa habari ya mtu mwingine. Kwa ajili hiyo mimi naikaza programu mpaka makosa ya aina ya pili yabaki machache sana, hata kama nitakosa magari mengine. Fundi mwenzangu hakubaliani nami, yeye anataka kila gari liingie kwenye orodha. Yeye hajawahi kusimama mbele ya mama yule.

Niwaambie pia kwamba jioni moja ya mvua mzee aliishinda kamera vibaya sana. Nikamuuliza aliwezaje kusoma na tope lile. Akasema hakusoma. "Hii ni ya daktari, hii ya mwalimu, hii inakohoa, ya yule anayeuza sementi." Na plaki zao alizijua kwa moyo. Kamera haijui kwamba gari linakohoa.

Kuna la sheria, nalo si la kuruka. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria kuu ya mambo ya dijitali, Code du numérique, ile Ordonansi-sheria namba 23/010, na ndani yake mna ulinzi wa habari za watu binafsi. Plaki inampeleka msomaji kwa mwenye gari. Orodha ya plaki zenye saa ni orodha ya nani alitoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Mama mmoja wa avenyu yetu aliniuliza waziwazi kama mume wake anaweza kuja kwangu kuuliza gari la mama huyo lilipita saa ngapi. Nilimjibu hapana, na nikatambua kwamba mpaka siku ile sikuwa na jibu. Sasa kwangu picha zinajifuta baada ya siku 14. Kuna kibao langoni kinachosema kamera inasoma plaki. Majirani nimewapeleka mmoja mmoja kuona inachokiona, na wengi wamecheka: shimo, na kipande cha lami. Nyuso hazimo, malango yao hayamo. Ule wembamba wa mita 6.75 niliouchagua kwa ajili ya pikseli umenipatanisha na avenyu nzima. Na likitokea neno, picha yenyewe inakwenda polisi pamoja na saa yake. Karatasi siibebi tena.

Ukuta nimeujenga upya kwa hela yangu, kama mlitaka kujua.

Maswali nitayajibu tukiwa nje, kwa sababu jua linaanza kushuka na hiyo ndiyo saa mbaya niliyowaambia. Kamera nimeifunga kwenye nguzo ya geti la parokia, inatazama avenyu. Gari langu liko pale chini ya mti, nimelipaka tope upande mmoja. Nahitaji mtu wa kuendesha, mtu wa kusimama na kompyuta, na mtu wa daftari. Wa daftari awe mwenye mwandiko unaosomeka. Mzee, wewe kaa karibu naye, lakini usimnong'onezee.